Waacheni Watu wa Quitunda na Ulimi Wao

Kuna hukumu inayotolewa kwa wepesi mno katika mwambao wa kusini, kuanzia Lindi na Mtwara mpaka mji wa Pemba wa Msumbiji: kwamba mtu anayesema "balua" pale penye barua, au "kula" anapotaka kura, hajui Kiswahili. Hukumu hiyo ina wafuasi wa kila namna. Mwalimu anaitumia darasani, mchekeshaji anaitumia jukwaani, na mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani anaitumia kukisia mtu aliye mbele yake katoka upande gani wa Mto Ruvuma. Baadhi ya wasomi nao wanayo, ila wao huivalisha joho: husema Kimwani ni Kiswahili kilichoharibika, na Kimakwe ni Kimakonde kilichorowa maji ya chumvi.

Naipinga hukumu hiyo yote, ya darasani na ya kizuizini, na nimechagua kuipingia Quitunda kwa sababu pale ubovu wake hauwezi kujificha. Quitunda ni tahajia ya Kireno tu; mwenyeji anatamka Kitunda. Ni kijiji kipya katika rasi ya Afungi, wilaya ya Palma, karibu na mwisho wa jimbo la Cabo Delgado upande wa kaskazini. Hakikuota chenyewe. Kampuni ya Kimarekani ya Anadarko ilianza kukijenga ili iwahamishie watu waliokuwa wakikaa kwenye ardhi iliyotakiwa kwa kiwanda cha gesi, na familia za kwanza zikahamia 2019, mwaka uleule ambao mradi ulipita mikononi mwa Total ya Ufaransa. Familia zaidi ya 550 zilipangiwa nyumba za sura moja, zimesimama mistari, mbali na ufuko ambako wanaume walikuwa wakivua na wanawake wakitoka na maji kupwa kuokota kombe na kuchokoa pweza. Kisha tarehe 24 Machi 2021 wapiganaji wa uasi wa jimbo hilo wakaivamia Palma, na maelfu ya watu wakakimbilia hapohapo Quitunda, kandokando ya uzio wa mradi, wakisubiri mashua au ndege ya kuwapeleka Pemba. Kijiji kilichojengwa kwa ajili ya watu wa vijiji vichache kikajikuta kimebeba ndimi za nusu ya jimbo: Kimakwe cha wenyeji, Kimwani cha watu wa Mocímboa da Praia na visiwani, Shimakonde cha watu wa Mueda, Emakhuwa cha watu wa kusini, Kiswahili cha wote, na Kireno cha makaratasi.

Mgeni akisimama hapo akatega sikio, atasikia vurugu. Anayesikiliza kwa makini atasikia utaratibu. Mwenye Shimakonde kifuani hana r katika lugha ya mama yake, kwa hiyo kila r ya Kiswahili anaipeleka kwa jirani yake wa karibu, ambaye ni l. Haifanyi leo na kuiacha kesho. Ni kanuni, na ukishaijua unaweza kutabiri neno atakalolitoa kabla hajafungua mdomo. Mwenye Kimwani r anayo, tena anaitia mahali ambapo Kiswahili sanifu hakina kitu: sisi tunasema kuambia, yeye anasema kwambira. Mwenye Emakhuwa anazo l na r zote mbili, lakini b, d na g hana, na ndiyo maana nyumba kwake ni enupa, ng'ombe ni enyompe na mbuzi ni epuri. Huyu akisema Kireno, wenzake wa Maputo humcheka kwamba anachanganya p na b. Kichekesho ni kilekile, kimehama lugha tu.

Na tukitazame vizuri hicho kinachoitwa kosa. Weka ncha ya ulimi juu ya ufizi, nyuma ya meno ya juu, uiache hapo, hewa ipite pembeni: hiyo ni l. Ncha hiyohiyo, pahali palepale, gonga mara moja uachie: hiyo ni r ya pwani. Tofauti yake ni ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Si ajabu basi kwamba lugha nyingi sana za Kibantu hazikuona haja ya kuzitenga, na zimeishi hivyo karne nyingi bila mtu kupoteza mkewe wala shamba lake.

Mwalimu atanijibu kwamba katika Kiswahili tofauti hiyo inabeba maana, na atanipa jozi zake: kalamu na karamu, mahali na mahari, hali na hari. Nazipokea. Lakini azitazame tena zimetoka wapi. Kalamu ni ya Waarabu na karamu ni ya Waarabu. Mahali na mahari, hali na hari, zote zilikuja na pepo za kaskazi. Kura yenyewe, ile ambayo Mmakonde anachekwa kwa kuigeuza kula, ni neno la Kiarabu. Ukitafuta jozi za maneno ya Kibantu asilia zinazotenganishwa na l na r peke yake, utapata chache kiasi cha kuhesabika vidoleni. Maana yake ni kwamba tofauti tunayoipimia Uswahili wa mtu tuliikuta bandarini. Sisemi ni mbaya kwa sababu hiyo. Kiswahili kimejengwa na mapokezi na sioni haya yoyote. Nasema tu kwamba jamaa wa Mueda, aliyekuwa uwanda wa juu wakati jahazi zinatia nanga, hawezi kushtakiwa kwa kuivunja sheria iliyopitishwa bila yeye.

Halafu kuna jambo ambalo watetezi wa matamshi safi hawapendi kuulizwa. Mtoto amezaa au amezaliwa? Ukizaa, l haipo. Ukizaliwa, l hii hapa. Imetoka wapi? Kaa, lakini kiti kinakaliwa. Fungua, lakini mlango unafunguliwa. Pokea, lakini mgeni anapokelewa. Chukua, chukuliwa. Ondoa, ondolewa. Kiswahili kilikuwa na l katika maneno haya yote, kikaiangusha njiani, na kila tunapoyanyumbua inachungulia kama mwizi aliyesahau kufunga dirisha. Majirani hawakuiangusha. Mgiriama bado anasema kukala pale tunaposema kukaa. Mnyanja wa ng'ambo ya Niassa bado anasema njala pale tunaposema njaa. Na ile r ya Kimwani katika kwambira, ambayo mtu wa Dar es Salaam akiisikia anadhani ni kigugumizi, imekalia kiti ambacho sisi tumekiacha wazi.

Basi nani kaharibu nini? Kama kuangusha konsonanti ni uharibifu, mharibifu mkubwa ni Kiswahili sanifu. Kama si uharibifu, na kweli si uharibifu, ni namna tu lugha zinavyoenda, basi tuache kulitumia neno hilo kwa majirani zetu tu.

Mfano mmoja unanipendeza kuliko yote. Mababa wa lugha hizi walikuwa na ntu, ile unayoisikia mpaka leo kwa Mzulu na kwa Mnyarwanda anaposema umuntu. Kundi la n na t pamoja. Waswahili tulipofika nayo pwani tukaiacha n, tukabaki na mtu na watu. Wamwani wakaiacha t, wakabaki na munu na wanu. Urithi mmoja, kila ndugu kachukua nusu. Huyu aliyechukua t leo anamwambia mwenzake aliyechukua n kwamba kakosea. Ningependa kuiona hati ya mirathi inayosema hivyo.

Wasomi, kwa kawaida, wamekuwa waangalifu kuliko wapiga soga, ingawa kuna wanaoteleza. Thilo Schadeberg wa Chuo Kikuu cha Leiden aliandika 1994 juu ya Kimwani akikiweka kwenye ukingo wa kusini wa Kiswahili, na tangu hapo na kabla yake wataalamu wamebishana: je, Kimwani ni ndugu wa damu wa Kiswahili, au ni lugha ya bara iliyoshuka pwani ikavaa kanzu? Ubishi huo ni halali. Ila yeyote atakayeshinda, neno "kilichoharibika" halipati pa kukaa. Akiwa ni ndugu, ndugu haharibiki kwa kutofanana nawe. Akiwa ni mtu wa bara aliyeazima, mwazimaji alichukua alichokihitaji akakifuma kwa uzi wake. Kimakwe ndiyo kabisa: kina sarufi nzima iliyochapishwa, ya Maud Devos, iliyotokana na tasnifu yake ya Leiden ya 2004, na ndani yake utakuta lugha yenye toni, kitu ambacho Kiswahili kilikipoteza zamani na hakina habari nacho tena. Kwa upande wa serikali, Kimwani kimo miongoni mwa lugha za Msumbiji zilizowekewa tahajia tangu semina ya Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane ya 1988. Kitu chenye sarufi na tahajia hakiwi tena matope ya Kiswahili cha mwingine.

Watu wengine huniambia: sawa, lakini Kiswahili ni cha kwetu, cha Zanzibar na mrima, hao wa Palma ni wageni waliojifunza. Hapa historia inacheka kwa sauti. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipokaa kuchora mpaka wa milki ya Sultani wa Zanzibar kwenye mwambao, walianzia wapi? Walianzia Mto Minengani, kwenye ghuba ya Tungi, wakapanda mpaka Kipini. Ghuba ya Tungi ndiyo ghuba ya Palma. Rasi ya Afungi imeikumbatia. Yaani katika karatasi ile, pwani ya Sultani ilianzia mlangoni pa Quitunda, kabla ya Lindi, kabla ya Kilwa, kabla ya Bagamoyo. Mwaka uliofuata Wareno wakaitwaa Tungi kwa nguvu kutoka kwa Seyyid Barghash. Wajerumani nao 1894 wakaichukua Kionga, kilomita chache kaskazini ya Palma, wakakaa nayo mpaka vita vya 1916 vilipowatoa, na mkataba wa 1919 ukawapa Wareno. Mzee wa Kionga aliyezaliwa wakati wa Barghash aliweza kufa Mreno baada ya kuwa Mjerumani, bila kuhama kibanda chake. Bendera tatu zilipita juu ya mnazi mmoja. Konsonanti zake hakuna mkataba uliozitaja.

Na hicho Kiswahili sanifu chenyewe, tusisahau kilivyopatikana. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844 akaandika Kimvita. Mmisionari mwingine, Steere, alifika Zanzibar miaka 20 baadaye akaandika Kiunguja. Kila misheni ikang'ang'ania kitabu chake. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ukaamua Kiunguja kiwe msingi, na 1930 Kamati ya Lugha ya Makoloni ikaanza kazi ya kusawazisha. Uamuzi ule ulikuwa wa utawala na biashara: Kiunguja kilikuwa kimeshasambaa bara na misafara. Ungekwenda upande wa pili, watoto wa Dodoma leo wangekuwa wanachapwa kwa kusema macho badala ya mato, kichwa badala ya kitwa, mchele badala ya mtele na njia badala ya ndia. Kimvita hakikupungukiwa kitu. Kilipungukiwa kura, au kula kama mtakavyo.

Hiyo tofauti ya Mombasa hatuicheki. Mtu wa Mombasa akisema ndoo hapa kwa maana ya njoo hapa, tunasema lahaja. Mtu wa Lamu akisema moya, tunasema ushairi, tunatikisa vichwa kwa heshima. Mtu wa Quitunda akisema "halaka", tunasema hajasoma. Ni sikio lilelile. Kilichobadilika ni nani anayesema.

Niliwahi kuliona jambo hili kwenye basi dogo lililotoka upande wa kivuko cha Ruvuma kwenda Mtwara mjini. Kijana mmoja alikuwa amekaa kiti cha nyuma na mfuko wake wa samaki wakavu. Bwana mmoja wa makamo, mwenye kofia ya kiua na maneno mengi, alikuwa ametusimulia njia nzima kwamba mto huu ameuvuka "miaka selasini". Akamgeukia kijana.

"Mwanangu, umetoka wapi?"

"Kitunda, baba. Kule Palma."

"Aaa, wa ng'ambo. Hebu sema: rais amepigiwa kura."

Kijana akasema: "Laisi amepigiwa kula." Basi zima likaangua kicheko. Alingoja kikaisha.

"Umenielewa nilivyosema, baba?"

"Nimekuelewa."

"Haya."

Hakuna aliyemwambia bwana yule kwamba selasini ni thelathini. Wala mimi sikumwambia, maana nusu ya nchi inasema selasini, zahabu na zambi, watangazaji wakiwemo, na dunia inaendelea. Zile th na dh zilikuja na jahazi zilezile zilizoleta r ya kura. Bara tumezishusha pwani tukaziacha hukohuko. Tumejisamehe, kisha tukasimama getini kumdai mwenzetu risiti.

Lakini ushahidi mkubwa kuliko wote umefika Quitunda wenyewe kwa miguu. Julai 2021 Rwanda ilipeleka askari 1,000 Cabo Delgado, na wakaweka kambi Afungi na Palma. Agosti 8 wakaikomboa Mocímboa da Praia pamoja na jeshi la Msumbiji. Waandishi waliofika huko baadaye waliandika kwa kusifu kwamba askari hao wanaelewana na wananchi kwa Kiswahili, jambo ambalo askari wengi wa Msumbiji kutoka kusini hawaliwezi. Ni kweli na ni jambo jema. Sasa niulize: katika Kinyarwanda l na r ni sauti ngapi? Ni moja. Maandishi yao yalipotengenezwa upya 2014 walikubaliana kuandika r, na l ikabakishwa zaidi kwenye majina yaliyokwisha kuzoeleka kama Kigali. Mnyarwanda aliyekulia kwao akisema Kiswahili, l na r zinampiga chenga vilevile kama zinavyompiga Mmakonde, wakati mwingine kwa upande wa pili: huyu anavuta kwenye l, yule anavuta kwenye r. Askari anasema "karamu" akiomba kalamu, na gazeti linaandika kwamba majeshi ya Rwanda yana faida ya lugha. Mvuvi anasema "kalamu" akielezea karamu ya harusi, na mwalimu anaandika kwamba wananchi wana tatizo la lugha. Wote wawili wamesimama kwenye mchanga mmoja, wanaelewana barabara.

Hapo ndipo ninapotaka kumbana mtu anayenipinga. Kama kosa liko kwenye sauti, basi na askari ana kosa. Kama askari hana kosa kwa sababu anaeleweka na anaheshimika, basi sauti haikuwa kamwe jambo lenyewe. Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliposimama mbele ya marais wenzake Addis Ababa Julai 2004 na kuhutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili, mtu wa jimbo la Gaza, kusini kabisa ya nchi, aliyekipata Kiswahili kwenye miaka ya harakati za ukombozi za FRELIMO Dar es Salaam na Nachingwea, hakuna aliyekaa na penseli akihesabu konsonanti. Tulisimama tukapiga makofi, na ilistahili. Heshima ile ingeweza kushuka daraja chache, mpaka kwa mchokoa pweza.

Wanaodhani haya ni maradhi yetu peke yetu watazame Uholanzi, nchi ya hicho chuo cha Leiden nilichokitaja. Waholanzi wanagawanyika kwa konsonanti moja, g. Kaskazini ya mito mikubwa wanaikwaruza kooni kwa nguvu, kama kh ya Mwarabu aliyekasirika. Kusini, Brabant na Limburg, na kwa Waflemi wa Ubelgiji, wanailegeza mpaka inakaribia pumzi. Kila mmoja anajua mwenzake katoka wapi kwa sauti hiyo, na utani haukosekani. Lakini mtu wa Maastricht anakuwa waziri na g yake laini, na hakuna anayeandika kwamba Kiholanzi chake kimeharibika. Wana kisa cha r pia, tena kitamu zaidi. Kuna r ya eneo la Gooi, iliyolegea mwishoni mwa neno kama r ya Mmarekani. Zamani ilikuwa kioja. Lakini Gooi ndiko uliko mji wa Hilversum, na Hilversum ndiko zilipo redio na televisheni. Kilichosemwa na watangazaji kikaanza kusemwa na vijana wa miji mingine, na kioja kikawa madaha. Sauti haikubadilika hata kidogo. Ilipata kipaza sauti. Kama studio kubwa za Afrika Mashariki zingekuwa Mueda, leo mabinti wa Mikocheni wangesema "halaka" kwa maringo.

Hadi hapa mtu anaweza kusema huu ni utani wa kwenye mabasi, unakuza mambo. Ningekubali, kama konsonanti hazingekuwa zimewahi kuua. Kitabu cha Waamuzi kinasimulia jinsi watu wa Efraimu walivyotambuliwa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa sh katika neno moja. Inasimuliwa kwamba Bruges, mwaka 1302, Wafaransa walibainishwa usiku kwa maneno ya Kiflemi wasiyoweza kuyatamka, na kwamba Waholanzi 1940 walimjua Mjerumani kwa namna alivyolitaja jina la mji wa Scheveningen. Mwaka 1937, chini ya dikteta Trujillo, Jamhuri ya Dominika iliwaua maelfu ya Wahaiti, na simulizi ya mauaji yale imebaki katika r moja, ya jani la kitoweo linaloitwa perejil. R, msomaji wangu. Ileile.

Cabo Delgado haijafika huko, na ninaomba isifike. Lakini tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 5, 2017, Kimwani kimekuwa lugha inayomtia msemaji wake mashakani anapofika penye watu wasiomjua. Amekimbia kuchinjwa, anafika kambini, anafungua mdomo kuomba maji, na wenzake wanatazamana. Hoja inayotumika ni kwamba wapiganaji wanasema Kimwani. Ni kweli wapo wanaokisema. Wapo pia wanaosema Kimakwe, Emakhuwa na Kiswahili cha Tanzania kilichonyooka, chenye l zake na r zake mahali pake sanifu kabisa. Kipimo kinachomnasa aliyekimbia na kumwacha aliyemkimbiza si kipimo. Na upande wa pili wa mto, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilieleza 2021 kwamba maelfu ya watu waliovuka Ruvuma walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano. Sidai walirudishwa kwa ajili ya l. Nadai kwamba palipo na msongamano, hofu na usiku, mtu aliyefundishwa tangu shule ya msingi kwamba "balua" ni dalili ya ugeni atakuwa na jibu tayari kabla hajauliza swali. Mafunzo hayo hatukuyatoa kizuizini. Tuliyatoa darasani, tukicheka.

Inabaki hoja ya usanifu, na sitaikwepa kwa sababu ndiyo pekee yenye uzito. Kiswahili kimekuwa lugha ya Umoja wa Afrika, na tangu 2019 ya SADC, ambamo Msumbiji imo. Lugha kubwa inataka maandishi mamoja. Mtu wa Goma asome barua ya mtu wa Palma bila kukisia kama amealikwa karamu au ameombwa kalamu. Nakubali, tena bila kinyongo. Kamusi ibaki, mtihani wa imla ubaki, na mtoto wa Quitunda aandike r penye r, maana maandishi yanamfikia mtu asiyeweza kuuliza "umesemaje?" Lakini kuandika na kusema ni kazi mbili. Mwingereza anaandika herufi chungu nzima asizozitamka na hakuna anayemwita mwongo. Mtoto anaweza kufundishwa kwamba neno hili kwa maandishi ni barua, na kwamba nyumbani kwao linasikika balua, kwa sentensi moja na bila kusimamishwa mbele ya wenzake alitamke mpaka wachoke kucheka. Kwa mwalimu wa Palma hilo ni jepesi kuliko kwa mwalimu wa mahali pengine popote, kwa kuwa darasani kwake kuna mwenye l tu, mwenye l na r zote mbili, na asiye na b. Somo zima la fonetiki limekaa kwenye madawati, limevaa sare.

Wanaosema nikiruhusu hivyo Kiswahili kitabomoka wanisaidie kitu kimoja. Kimevumilia kupoteza l ya kukala. Kimevumilia kupoteza n ya ntu. Kimevumilia bara zima lisilo na th wala dh wala gh. Kimevumilia Kongo, Nairobi na sisi wenyewe. Watuambie ni kwa nini ukuta huo wote uanguke kwa pigo la mvuvi wa Afungi, aliyeanza kusikia Kiswahili kabla Dar es Salaam haijawa mji.